AC inaganda, fundi anasema gesi: nilivyoikamata sensa ya evaporeta

Jamani, gesi ya AC haiishi kama mafuta. Mfumo umefungwa, ikipungua, kuna mahali inavuja. Lakini Toyota Premio yangu ya 2003 ilipoanza kuleta joto njiani, kila fundi hapa Dar alikuwa na jibu lile lile: "Bosi, tuongeze gesi." Mmoja akapandisha dau: kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya AC, imekufa, laki sita na ushee.

Dalili zenyewe zilikuwa zinasema mengine kabisa. AC inapuliza baridi kali kama nusu saa, halafu upepo unafifia, ingawa feni unaisikia inavuma vile vile. Zima kitufe cha A/C, acha feni iendelee kama dakika kumi: upepo unarudi na maji yanamwagika chini ya gari kuliko kawaida. Hapo evaporeta, yaani rejeta ndogo ndani ya dashibodi inayopoza hewa, ilikuwa imeziba kwa barafu. Kweli, gesi pungufu nayo inaweza kugandisha, ila geji za kupima msukumo wa gesi zilianza vizuri, kama psi 30 upande wa chini (wa msukumo mdogo) na 220 upande wa juu (wa msukumo mkubwa), kisha upande wa chini ukawa unashuka kadiri barafu inavyojijenga. Chujio la hewa ya ndani lilikuwa safi; likiziba, nalo hugandisha, kwa hiyo anza nalo maana ni bure. Likabaki swali moja tu: kwa nini kompresa haikati?

Anayeikatisha ni sensa ndogo iliyochomekwa kwenye mapezi ya evaporeta. Baridi ikifika nyuzi 3 hivi, kompyuta ya AC inaachia klachi ya kompresa, yaani kiungo kinachoifanya izungushwe na injini, barafu haipati nafasi.

Toyota nyingi zenye AC ya AUTO hujipima zenyewe. Shikilia AUTO pamoja na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, kisha peleka swichi ON. Taa zinawaka na kuzima mara nne, halafu kodi zinatoka: 11 sensa ya ndani, 12 ya hewa ya nje, 13 ya evaporeta. Ukiona 21 na gari liko kivulini, usikimbilie dukani. Ni sensa ya jua, na jua halioni. Yangu ilileta 00, yaani hakuna kosa. Wengi huishia hapo. Kodi 13 hutokea waya ukikatika au ukigusana. Sensa inayodanganya kwa kiasi inapita bila kuulizwa.

Nikaitoa, kwa kupitia nyuma ya droo ya dashibodi, nikaweka mita ya umeme kwenye kilo-ohm 20 (kipimo cha upinzani wa umeme). Sensa hizi upinzani hupanda baridi ikiongezeka: karibu kilo-ohm 1.5 kwenye nyuzi 25, karibu 4.8 kwenye nyuzi 0. Hewani, joto la Dar la nyuzi 31, nilitarajia kama 1.2, ikasoma 1.0. Fundi angesema nzima. Nikaitumbukiza kwenye glasi ya barafu iliyopondwa na maji, bila chumvi, nakoroga, plagi ikiwa nje. Namba ikapanda taratibu, ikafika 2.9, ikagoma hapo hapo. Hiyo 2.9 kwa kompyuta ni kama nyuzi 10. Evaporeta inaganda, kompyuta inaamini bado kuna joto, kompresa inaendelea. Unyevu ukishaingia chini ya ganda la sensa, umeme hupata njia ya pembeni. Joto likiwepo hasara ni ndogo, huioni. Kwenye baridi, upinzani unapotakiwa kuwa mkubwa, ndipo uongo unapokuwa mkubwa. Ndiyo maana kupima hewani peke yake ni kazi bure.

Kabla ya kutoa hela nilitaka kujua kama waya na kompyuta viko salama. Hapa nilijisifu mwenyewe. Kwa fundi redio nilichukua volyumu ya kilo-ohm 10, kile kidude cha kuzungusha kinachobadili upinzani, bei ya soda mbili tatu. Nikaunga waya wa mguu wa kati na wa mmoja wa pembeni kwenye plagi ya gari badala ya sensa, nikaiweka 1.5 kwa mita kwanza, injini ikiunguruma, AC imewashwa. Kompresa ikashika, klak! Nikazungusha taratibu, ilipokaribia 4 na kitu, ikaachia. Nikarudisha, ikashika tena. Unakaa kwenye kiti unaiamrisha kompresa kwa vidole viwili! Kama isingeitikia, ningetafuta waya au kompyuta, wala si sensa. Kompresa zisizo na klachi hazitoi mlio huo. Kwa hizo angalia geji ya upande wa chini.

Sensa ya mtumba nilipata kwa elfu ishirini na kitu. Nenda dukani na mita na chupa ya maji ya barafu. Muuzaji atakucheka, mwache acheke. Ibane kwa vidole, namba ishuke bila kurukaruka, kisha kwenye barafu ifike karibu 4.8. Plagi ikiwa na kutu ya kijani, isafishe, maana kutu huongeza upinzani na kompresa itakata mapema, AC ionekane dhaifu. Na wakati wa kurudisha, ichomeke tundu lile lile ilikotoka, kwa kina kile kile. Ukiihamisha sehemu yenye joto zaidi ya evaporeta, itaganda tena hata kama sensa ni mpya kabisa.