Alama zangu zinaanzia masikioni

Filamu nne zimeingia kwenye daftari mwezi huu, zote za kwetu: tatu za Kenya, moja ya Tanzania. Hakuna iliyotoka jana. Ni zile ambazo kila mtu anasema ameziona, lakini ukimuuliza alizipa ngapi na kwa nini, anabaki kusema "ni kali" basi. Kwa hiyo kabla sijataja namba, niseme namba zinapatikanaje.

Natoa alama kwa kumi. Sauti inabeba tatu, hadithi tatu, uigizaji mbili, picha moja, na moja iliyobaki ni ya namna filamu inavyojimaliza. Wengi wangegeuza, picha ipewe tatu na sauti moja. Sikubaliani nao, na sababu yangu ni ya kiufundi. Picha iliyoingia giza kidogo mhariri anaweza kuinyanyua, rangi iliyokosewa inarekebishika, hata mkono uliotetemeka una dawa yake. Sauti iliyopasuka haina dawa. Kinasa kikishagonga sifuri desibeli, yaani dari ya sauti kinayoweza kuhifadhi, mawimbi yanakatwa vichwa, na kilichokatwa hakijahifadhiwa popote. Ndiyo maana mafundi wanaacha nafasi: mazungumzo ya kawaida yapande mpaka kwenye desibeli -12 hivi, chini ya dari hiyo, ili mwigizaji akipiga kelele ghafla pawe na pa kwendea. Na mtazamaji naye ana tabia yake. Picha mbaya anaivumilia, ila akikosa sentensi tatu mfululizo, mkono unaenda kwenye simu.

Jaribio ni rahisi. Weka filamu, geuza skrini ukutani, sikiliza dakika kumi za mwanzo. Halafu jiulize: nani anazungumza na nani, wako ndani au nje, ni mchana au usiku, nani amekasirika? Ukijibu yote bila kuona, anza kuandika alama. Baadaye fanya kinyume chake, dakika kumi bila sauti, uone picha inabeba nini peke yake. Tumia hedifoni za waya. Spika ya simu haitoi sauti nzito, kwa hiyo mngurumo wa jenereta uliojificha nyuma ya mazungumzo hutausikia, na utagawa alama za bure.

Makosa yenyewe ni yale yale. La kwanza ni kutegemea maiki ya kamera. Kamera iko mita tatu kutoka kwa mwigizaji, chumba kina vigae na dari ngumu, basi kila neno linafika mara mbili: mara moja kutoka mdomoni, mara ya pili kutoka ukutani. Maiki inatakiwa ishuke hadi sentimita 50 hivi juu ya kichwa, nje kidogo ya fremu, na blanketi au magodoro yaegemezwe kwenye kuta zisizoonekana. La pili ni friji. Inanguruma, inazima, inawaka tena, na mhariri akiunganisha vipande viwili vya mazungumzo yale yale, nyuma yake pana ngurumo kisha kimya kisha ngurumo. Friji izimwe. (Wazoefu huweka funguo za gari ndani yake, ili asiwepo atakayeondoka bila kuiwasha na kumharibia mwenye nyumba nyama.) La tatu ni kusahau kurekodi kimya cha chumba: watu wote watulie sekunde 30, kinasa kiendelee kufanya kazi. Kile kimya ndicho kinachojaza mapengo kati ya maneno wakati wa kuhariri. Kikikosekana, kila mkato unasikika kama kidoti.

Muziki nao. Filamu nyingi za Bongo zilizouzwa kwa sehemu ya kwanza na ya pili zina kinanda kinacholia mwanzo mwisho, tena juu ya mazungumzo. Mara nyingi si ladha mbaya ya mtunzi. Kinanda kiliwekwa kufunika friji na jenereta. Muziki ulio chini ya mazungumzo kwa desibeli 15 au zaidi unasaidia. Ukilingana nayo unapigana nayo. Filamu ya namna hiyo kwangu inaanza na alama sifuri au moja ya sauti, na hata mwigizaji awe hodari vipi, kuvuka sita ni kazi.

Sasa zenyewe.

Nairobi Half Life, ya mwaka 2012, mwongozaji David "Tosh" Gitonga, dakika 96. Nane na nusu. Mwas, kijana wa kijijini anayeuza filamu kwa kuwaigizia wateja vipande vyake, anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaibiwa siku ya kwanza, anaishia mahabusu, na huko ndiko anakompata Oti, jamaa wa kumfungulia mlango wa genge. Kuanzia hapo ana maisha mawili, jukwaani na mtaani. Joseph Wairimu alipata tuzo ya mwigizaji bora Durban mwaka huo kwa nafasi hii, na filamu ikawa ya kwanza Kenya kuipeleka kwenye mashindano ya Oscar.

Sauti: tatu kwa tatu. Geuza skrini ukutani na bado unajua umehama kutoka kijijini kuingia mjini, maana hewa yenyewe inabadilika. Kijijini kuna nafasi kati ya sauti na sauti, mjini hakuna. Na lugha inafanya kazi ambayo kwenye filamu nyingine hufanywa na maelezo. Mwas anaingia na Kikuyu na Kiswahili cha shule, genge linaongea Sheng, na kadiri anavyozama ndivyo ulimi wake unavyogeuka. Hakuna anayetamka kwamba kijana amebadilika, unamsikia tu. Mtazamaji wa Tanga au Bukavu atahitaji maandishi ya chini kwa Sheng, na hilo silikatii alama. Sheng iliyolainishwa ili kila mtu aelewe ingekuwa uongo.

Alama moja na nusu zimepotelea kwenye hadithi. Amina, mwanamke anayesimama kati ya Mwas na Oti, ameandikwa kwa wembamba. Yupo ili Mwas aonekane na moyo. Ondoa matukio yake yote na genge linabaki vile vile, wizi wa vipuri vya magari unabaki vile vile, na mwisho haubadiliki. Mhusika anayeweza kuondolewa bila jengo kuyumba, mwandishi hakumaliza kazi yake. Nusu nyingine ni ya polisi, ambao ni waovu kwa namna moja tu. Lakini mwisho umepata alama yake kamili: jukwaa na mtaa vinakutana mahali pamoja, na hadhira iliyoko ndani ya filamu inaulizwa jambo ambalo linatuhusu sisi tulioko nje yake pia.

Vuta N'Kuvute, ya Amil Shivji, 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999. Saba na nusu, na najua hapa nitagombana na watu. Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yupo. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mume mzee, anakimbia na kupokelewa na Mwajuma. Anakutana na Denge, kijana wa harakati za kudai uhuru.

Picha ingekuwa na alama mbili ningeipa zote mbili. Usiku wa Mji Mkongwe umepigwa na mtu asiyeogopa giza. Filamu zetu nyingi zinawasha taa za usiku mpaka chumba kinafanana na duka la simu, hapa uso unaachwa nusu kivulini na rangi inabaki nzito. Sauti, mbili na nusu. Kiunguja kinasikika bila kusuguliwa, na Mwajuma anaigizwa na Siti Amina, mwanamuziki wa Zanzibar, kwa hiyo muziki unapoingia unaingia na mwenyewe. Nusu iliyokatwa ni ya sehemu ambapo muziki unaniambia nihuzunike kabla wahusika hawajahuzunika.

Uigizaji, moja na nusu. Mwajuma ananivuta zaidi kuliko wapendanao wenyewe, na filamu inayoegemea mapenzi ya wawili haitakiwi kumruhusu wa tatu aibe kila anapotokea. Hadithi, mbili. Riwaya ina nafasi ya kumlea Denge polepole. Filamu ina dakika 92. Matokeo yake siasa zake zinafika zikiwa kauli zilizokwisha kuiva, na mapenzi yake na Yasmin yanaruka ngazi mbili tatu. Asiyesoma kitabu ataona mwanamume mzuri anayesema maneno mazuri. Aliyesoma atajaza mwenyewe, na kwa kuwa wengi wetu tulisoma, tunaipa filamu sifa ambazo ni za kitabu. Hili liangaliwe sana kwa filamu yoyote iliyotokana na riwaya: andika alama kabla hujarudi kwenye kurasa. Mwisho nimeupa nusu.

Supa Modo, ya Likarion Wainaina, 2018, dakika 74. Nane. Jo ni mtoto anayeumwa ugonjwa usiopona, anapenda filamu za mashujaa, mama yake amemrudisha nyumbani kutoka hospitalini. Dada yake Mwix anakishawishi kijiji kizima kijifanye kwamba Jo ana nguvu za ajabu. Hatari ya hadithi ya namna hii ni machozi ya kulazimishwa, na Wainaina anaikwepa kwa njia moja tu: anampa Jo akili. Mtoto si mjinga, na kuanzia unapogundua hivyo, unaacha kumhurumia na kuanza kumfuata. Stycie Waweru ameibeba nafasi hiyo bila kujikaza, na mama, Marrianne Nungo, anashikilia upande mgumu zaidi, wa mtu anayeonekana mbaya kwa sababu anasema kweli. Uigizaji, mbili kamili. Nilichokata ni katikati, ambapo njama za kijiji zinarudiwa kwa muundo ule ule, na baadhi ya wanakijiji wanacheza kwa mikono na macho kama wako kwenye igizo la shule. Ukiwa na watoto, hii ndiyo ya kuanza nayo, ila kaa nao, maswali yatakuja.

Kati Kati, ya Mbithi Masya, 2016, dakika 75, sita na nusu. Kaleche anazinduka nyikani, hakumbuki chochote, anafika kwenye loji ambayo wakazi wake wote wamekufa. Wazo ni zuri kuliko filamu. Kimya kimetumiwa kwa ufundi, na upepo wa nyika unakuwa mhusika kamili, kwa hiyo sauti imepata zake tatu. Tatizo ni kwamba siri za wahusika zinatoka kwa kusimuliwa. Mmoja anakaa, anaeleza alichofanya alipokuwa hai, anaondoka, anafuata mwingine. Ilipata tuzo ya wahakiki wa FIPRESCI kule Toronto, na naelewa kwa nini, maana hakuna aliyekuwa akithubutu hivyo hapa kwetu. Kuthubutu sijakuwekea alama.

Maswali mawili yanayokuja kila nikiandika alama. La kwanza: mbona filamu fulani ina 16 au 18 na wewe umeipa nane? Hizo si alama za ubora. Bodi ya filamu ya Kenya inapanga kwa umri: GE kwa wote, PG kwa mtoto aliye na mzazi, kisha 16 na 18. Filamu mbovu kabisa inaweza kuwa GE.

La pili ni michirizi. Mtu anaona taa za ukutani zinapepesa ndani ya picha, mistari inapanda na kushuka, anadhani nakala ni mbovu. Umeme wetu ni wa 50 Hz, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Kamera ikiwekwa fremu (picha) 30 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, ya 1/60 ya sekunde, kama zinavyokuja nyingi za soko la Marekani, taa za tyubu na LED za bei nafuu zinagombana nayo. Fremu 25 na shata ya 1/50 zinamaliza ugomvi. Hilo ni kosa la siku ya kupiga picha, na nalikatia nusu alama kila ninapoliona, kwa sababu linazuilika kwa kubonyeza mara mbili.

Maandishi ya chini nimeyaacha nje ya hesabu, ingawa yananiudhi. Mistari isizidi miwili, kila mmoja usizidi herufi 42 hivi, na yakae angalau karibu sekunde moja. Wengi wanabandika mistari mitatu, inapita kabla jicho halijamaliza wa kwanza.

Na nakala unayotazama nayo ichunguzwe kabla ya hukumu. Inawezekana filamu ilichanganywa vizuri studio, ikafika kwako imebanwa mara nne, mazungumzo yakisikika kana kwamba yako ndani ya pipa. Dalili yake ni herufi s na sh: zikianza kuchuruzika kama maji, kosa liko kwenye faili. Nakala ya namna hiyo naifunga, siipi alama, naitafuta nyingine.