Miguu kuvimba kwa pioglitazone (dawa ya kisukari): kilichosaidia

Jioni vifundo vya miguu vinavimba, viatu vinabana, na ukibonyeza muundi kwa kidole gumba shimo linabaki. Kuinua miguu na kupunguza chumvi kulisaidia kidogo. Hata furosemide, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo, haikufua dafu: pioglitazone huifanya figo ing'ang'anie chumvi na maji, na ukitumia pamoja na insulini uvimbe huzidi.

Kilichofichua chanzo ni mizani. Uzito uliopimwa kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya chai, ulipanda kilo 3 tangu dozi ilipotoka miligramu 15 kwenda 30. Daktari alipoliona daftari alipima moyo, akasimamisha pioglitazone, akapanga dawa nyingine. Uvimbe ukanywea. Usiiache mwenyewe, lakini ukikosa pumzi ukilala chali, nenda hospitali usiku huohuo.