Siku moja kwenye banda la shiitake: ukungu huingia saa ngapi?

Shiitake ni uyoga unaopandwa kwenye mifuko ya maranda. Mfuko ukionyesha kijani leo, kosa lilishafanyika wiki iliyopita au kabla ya hapo. Kila saa ya kazi ina mlango wake wa ukungu, na milango hiyo ndiyo tunayoifuata hapa. Mfano ni banda dogo la nyumbani Mafinga, mji wa nyanda za juu za Tanzania, mifuko 20 ya kilo 1 kwa mkupuo.

Saa 12 asubuhi

Kupanda mbegu (nafaka zilizooteshwa uyoga) kwanza, kabla mtu hajafagia wala kugusa pumba. Mifuko ya leo ilipikwa juzi na kupoa jana kutwa. Ukiishika usisikie joto. Mpandaji ameoga, ana nguo safi, barakoa na glovu. Kazi hufanyika ndani ya sanduku la plastiki angavu lenye matundu mawili ya mikono, lililopanguswa kwa spiriti ya asilimia 70. Ile ya asilimia 95 hukauka kabla haijaua, kwa hiyo izimuliwe. Moto usiwashwe sandukuni: mvuke wa spiriti hulipuka.

Chupa ya mbegu yenye doa la kijani, au nafaka zinazoteleza na kunuka uchachu, haipandwi, hata kama iligharimu pesa nyingi. Kila mfuko hupewa gramu 50, na shingo hukaa wazi sekunde chache tu kabla pamba ya kuziba haijarudishwa. Juu ya mfuko huandikwa tarehe ya kupika na namba ya chupa.

Saa 1:30

Ukaguzi, kuanzia mifuko michanga. Hapa usiwe na haraka. Trichoderma, ule ukungu wa kijani unaosumbua wengi, huanza mweupe kama shiitake yenyewe. Kijani ni mbegu zake zilizokomaa, tayari kupeperuka. Angalia weupe unaokimbia kuliko mifuko jirani.

Kisha soma mahali. Kijani chini ya pamba: pamba ililowa, au mkono ulikuwa mchafu wakati wa kupanda. Madoa katikati na chini, mbali na mbegu: mfuko haukuiva. Mifuko yote ya chupa moja: mbegu ilikuja imeoza. Doa moja ubavuni: tafuta tundu la sindano au jino la panya. Rangi ya chungwa yenye unga ni Neurospora, ukungu mwingine. Mfuko wenye hiyo hutolewa siku hiyohiyo, maana huenea banda zima kwa siku chache.

Mfuko usibinywe kama embe la sokoni. Ukibinya unatoa hewa, ukiachia unavuta nyingine pamoja na vumbi lake.

Vinundu, ngozi ya kahawia na maji ya rangi ya chai baada ya wiki kadhaa si ugonjwa. Ndivyo shiitake inavyokomaa, na wageni wa kazi hii hutupa mifuko mizuri kwa sababu hiyo.

Saa 3

Kuchanganya, nje na mbali na chumba cha kupandia. Maranda makavu kilo 6.4, pumba za ngano kilo 1.5, jasi gramu 80, maji karibu lita 12, yakiongezwa kidogokidogo. Kamata konzi ukamue: matone machache yanatosha, yakitiririka, umezidisha, na bakteria watafurahi. Pumba zikipita asilimia 20 ukungu hupata karamu. Mafinga maranda ya paini yamejaa kila kiwanda cha mbao, lakini utomvu wake hauifai shiitake. Tafuta ya mkaratusi, tena si ya nguzo zilizotiwa dawa.

Saa 4

Mchanganyiko uliolowa haulali. Hujazwa mifukoni, na pipa la kupikia huwekwa motoni siku hiyohiyo, mifuko ikiwa juu ya wavu isiguse maji, pamba zikifunikwa na nailoni. Saa za kupika huhesabiwa tangu mvuke mkali utoke, yaani kama saa 5 asubuhi, si tangu kuni ziwashwe. Kwenye mwinuko huu maji huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo saa 6 zinazotajwa na wengi hazitoshi, tunapika kwa saa 10. Maji yakipungua, ongeza yanayochemka. Ya baridi hukata mvuke, na hesabu inaanza upya.

Saa 8 mchana

Chumba cha kuzalia. Vuna kwa kisu safi, toa na kisiki chote: kipande cha shina kilichobaki huoza na kualika kijani. Gogo, yaani bonge la maranda lililoshikana, lenye ngozi ngumu ya kahawia likipata doa dogo huoshwa kwa maji yanayotiririka, likaachwa penye hewa. Nyunyiza kuta na sakafu zaidi ya gogo lenyewe; unyevu bila hewa ndio mbaya.

Saa 11 jioni

Mifuko migonjwa hutolewa mwisho kabisa. Kila mfuko huingizwa ndani ya mfuko mwingine palepale ulipo, bila kufunguliwa, hutolewa nje na kufukiwa mbali, upande ambao upepo hauelekei bandani. Rafu hupanguswa. Nguo zinaenda kwenye beseni, mtu anaenda kuoga, na leo harudi tena chumba cha mbegu.

Saa 3 usiku

Moto unazimwa. Mfuniko haufunguliwi hadi kesho: mifuko ikipoa huvuta hewa, na hewa hiyo heri iwe ya ndani ya pipa.