Fyuzi ya DOME kwenye Corolla 100: balbu ya indiketa ilivyonionyesha shoti ilipo

Fundi akikwambia "weka fyuzi ya 30 tu, itatulia," mshukuru, chukua ufunguo wako uondoke. Ndivyo nilivyoshauriwa mimi kwa Corolla 100 yangu, iliyokuwa ikikata fyuzi ya DOME, yaani ya taa ya ndani, kila ikibadilishwa. Fyuzi hiyo ni ya ampea 15, na kazi yake ni kulinda waya. Taa ya ndani ni ya wati 10, haili hata ampea moja. Ukiweka ya 30, fyuzi itapona na waya ndio utaungua, nao umepita juu darini, nyuma ya kitambaa.

Mwingine alitaka kuniuzia balbu ya LED. Balbu iliyokufa haikati fyuzi, inazima basi.

Kilichonipa mwanga ni redio: taa ikizima, na stesheni zote zinafutika, saa nayo inaanza upya. Kwenye gari hili vitu hivyo vitatu vinakula fyuzi moja. Kwa hiyo shoti ingeweza kuwa kwenye tawi lolote kati ya hayo, na kubahatisha kwa fyuzi mpya ni kuchoma hela. Fyuzi moja ni bei ya soda, lakini soda kumi si mchezo.

Nikachukua balbu ya indiketa ya wati 21 na holda yake, zinapatikana kwa wauza vipuri vya mtumba kwa elfu mbili tatu hivi. Waya mbili za holda nikazichomea kwa risasi kwenye miguu ya fyuzi iliyokwisha kukatika, nikaichomeka mahali pa DOME. Sasa balbu imekaa nafasi ya fyuzi. Kukiwa na shoti inawaka kwa nguvu zote, lakini haipitishi zaidi ya ampea mbili, kwa hiyo waya hazipati moto na unaweza kutafuta kwa utulivu. Toa kwanza balbu ya darini, la sivyo zitagawana umeme na ya indiketa itawaka kwa kufifia, ikuchanganye.

Yangu iliwaka kweupe. Nikachomoa soketi ya taa ya darini: bado inawaka. Ya saa: bado. Nikatoa redio nikachomoa soketi yake nyuma: bado! Hapo wengi wangerudi darini kubandua kitambaa. Mimi nikashika kifurushi cha waya za redio nikakivuta taratibu kuja kwangu, balbu ikazima. Nikaachia, ikawaka. Vuta, zima, achia, waka. Nilicheza nao mchezo huo zaidi ya ilivyohitajika, kwa raha tu.

Mbaya wetu alikuwa waya wa njano, ule wa kumbukumbu ya redio, unaokuwa na umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni. Uliungwa kwa kusokotwa, ukafungwa selotepu ya karatasi za zawadi. Joto la dashibodi likailainisha, nyuzi mbili za shaba zikachungulia na kulalia breketi ya chuma, zikaacha kidoa cheusi chenye ncha inayong'aa. Gari nyingi za Japani zimekatwa waya hapohapo, kwa sababu redio zake za zamani zinashika megahezi 76 hadi 90 na stesheni zetu zinafika 108. Kila redio mpya inakuja na fundi na wembe wake.

Nikakata kiungo chote, nikaunga upya kwa risasi, nikavalisha mpira unaosinyaa kwa moto (uvalishe kabla ya kuunga, hauingii baadaye), nikafunga waya mbali na breketi. Fyuzi ya 15 ikarudi, ikakaa.

Taa ikawaka kitufe chake kikiwa kwenye ON, ila kwenye DOOR (inapotakiwa kuwaka mlango ukifunguliwa), nikifungua mlango wa dereva, kimya. Hiyo ni habari njema: kama ON inafanya kazi, basi fyuzi, balbu na waya wa chanya ni wazima. Swichi ya mlango kazi yake ni kupeleka hasi kwenye bodi kupitia skrubu yake. Fungua skrubu, ivute swichi nje, na ubane waya wake kwa kibanio cha nguo kabla ya kuchomoa swichi, maana ukidumbukia ndani ya nguzo utajuta. Gusisha ncha yake kwenye chuma kisicho na rangi. Taa ikiwaka, ugonjwa ni swichi.

Mita ya kupimia umeme inadanganya hapa. Yangu ililia "pii" kwenye swichi yenye kutu, kwa sababu mita inapitisha umeme kiduchu sana. Wa taa haupiti. Nikapiga msasa kibati cha swichi na mahali kinapokalia, nikaweka skrubu mpya na grisi kidogo kwa nje.

Kama shida yako ni taa isiyozima, funga milango, kisha chomoa swichi mojamoja mpaka izime. Usiiache ilale hivyo: wati 10 kwa saa 24 ni karibu ampea-saa 20, nusu ya betri ndogo. Na ukiweka LED isiwake, igeuze kwanza upande wa pili. Ikibaki na mwanga hafifu milango ikiwa imefungwa, swichi mojawapo ina unyevu.