Sheria za kilimo zinazopitishwa mwezi Juni

Kila mwaka, Muswada wa Sheria ya Fedha unapowasilishwa bungeni Dodoma, mimi huanza kuusoma mahali ambapo wengi hawafiki. Wasomaji wa magazeti hutafuta kodi ya bia, ya mafuta na ya miamala ya simu, nami hutafuta majina ya mazao: korosho, sukari, pamba, kahawa. Nimekuja kuamini kwamba mambo mengi yanayomgusa mkulima wa Tanzania hayaamuliwi katika siku za bajeti ya Wizara ya Kilimo, ambazo ndizo siku za wabunge wa vijijini kupaza sauti na kuonekana kwenye runinga, bali huamuliwa katika wiki ya mwisho ya Juni, ndani ya muswada ambao jina lake halitaji kilimo hata kidogo.

Mbunge wa jimbo la wakulima ana msimu wake kama wapiga kura wake. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kuishia mwisho wa Juni, na katikati yake ndipo Waziri wa Kilimo husimama kuomba fedha za mafungu yaliyo chini yake, yaani Fungu 43 la wizara yenyewe, Fungu 05 la Tume ya Taifa ya Umwagiliaji na Fungu 24 la Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kabla ya hapo kamati ya kisekta imekwisha kuyapitia makadirio hayo, na maoni yake husomwa mbele ya Bunge zima. Kisha huja uchangiaji, ambapo mbunge hupewa dakika chache za kusema yote aliyotumwa: mbolea iliyochelewa, skimu ya umwagiliaji iliyokwama, AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) isiyolipa wanachama wake, na lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, ambayo sheria ya vipimo inaikataza lakini imeendelea kufungwa kwenye masoko ya vitunguu na viazi kana kwamba katazo hilo halipo. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi, mbunge asiyeridhika anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kuuzuia usipitishwe, mpaka apate maelezo. Napenda kuutazama utaratibu huo, kwa kuwa ni miongoni mwa nyakati chache ambapo waziri hulazimika kujibu jambo moja mahususi la kata moja mahususi. Lakini mara nyingi shilingi hurudishwa baada ya ahadi, na muda ukiisha mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa mkupuo.

Sisemi kwamba kelele za mjadala huo ni bure. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilikuwa takriban shilingi bilioni 294 katika mwaka wa fedha 2021/22, ikapanda hadi takriban bilioni 954 mwaka uliofuata. Wabunge walikuwa wamekumbusha kwa miaka mingi kwamba Azimio la Maputo la mwaka 2003 liliwataka wakuu wa nchi za Afrika watenge walau asilimia 10 ya bajeti zao kwa ajili ya kilimo, na naamini kukumbusha huko kulichangia, hata kama uamuzi wenyewe ulitoka Ikulu. Hata hivyo, kiasi kinachopitishwa ni kitu kimoja na kiasi kinachotolewa na Hazina ni kitu kingine. Mbunge anayejua kazi yake huuliza kwanza mwaka uliopita zilitoka ngapi, ndipo aishangilie ongezeko la mwaka unaokuja.

Mipaka ya kazi hiyo imeandikwa katika Katiba, na wapiga kura wachache wameisoma. Ibara ya 99 inalizuia Bunge kushughulikia pendekezo la kutoza kodi, au la kubadilisha kodi kwa namna yoyote isipokuwa kuipunguza, au la kuagiza malipo kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, mpaka pendekezo hilo liwe limetolewa na Rais na kuwasilishwa na waziri. Kwa lugha nyepesi, mbunge wa Newala au wa Maswa hawezi kuandika muswada wake binafsi unaoitaka Serikali ilipie pembejeo za mkulima. Anaweza kuomba, kushauri, kukosoa na kukataa. Kukataa nako kuna gharama: Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali, na Ibara ya 71 inamwondolea kiti mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni. Tukimlaumu mbunge kwa kupiga kura ya ndiyo baada ya kulalamika kwa siku tatu, tukumbuke pia kuta hizo alizojengewa.

Ndani ya kuta hizo ndimo Muswada wa Fedha hufanya kazi yake. Muswada huo haugusi kodi peke yake. Kila sehemu yake hufungua sheria nyingine na kuifanyia marekebisho, na sheria hizo zinaweza kuwa za bodi za mazao au za fedha za serikali za mitaa, ambazo kwa hali ya kawaida zingejadiliwa kwa utulivu na kamati inayoshughulikia kilimo. Zikiingia humo, hupelekwa kwenye Kamati ya Bajeti, hujadiliwa kwa siku chache pamoja na mambo mengine kadhaa, na lazima zipite kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai.

Mwaka 2017 njia hii ilileta jambo ambalo wakulima walilipokea vizuri. Ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri, ambao ulikuwa umefikia asilimia 5, ulishushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mkulima anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaondolewa ushuru huo. Aliyewahi kuona magunia machache ya mahindi yakizuiwa kwenye kizuizi cha barabarani anajua uzito wa mabadiliko hayo. Lakini mbunge huyohuyo aliyeshangilia Dodoma ni mjumbe wa baraza la madiwani nyumbani kwake, na katika halmashauri nyingi za vijijini ushuru wa mazao ndio uti wa mgongo wa mapato ya ndani. Aliporudi, alimkuta mkurugenzi akieleza kwamba fedha za kumalizia zahanati zimepungua. Sijawahi kumsikia mbunge akiyasema yote mawili katika mkutano mmoja wa hadhara, na ningempa kura yangu yeyote atakayethubutu.

Mwaka 2018 ndio ulionifundisha kusoma muswada huu kwa makini. Korosho ghafi inayouzwa nje ya nchi hutozwa ushuru ambao wakati huo ulikuwa asilimia 15 ya thamani yake inapopakiwa melini, au dola 160 za Marekani kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa zaidi. Lengo lililotangazwa lilikuwa kuhimiza korosho ibanguliwe hapa nchini. Sheria ya Tasnia ya Korosho ya mwaka 2009, kama ilivyorekebishwa baadaye, iliagiza kwamba asilimia 65 ya ushuru huo irudi kwenye zao lenyewe na asilimia 35 iende Hazina. Ile asilimia 65 haikuwa hisani ya mtu yeyote. Ilitokana na mfuko wa mkulima wa Mtwara, Lindi na Tunduru, kwa kuwa mnunuzi hupiga hesabu ya ushuru kabla hajataja bei mnadani, na ilikusudiwa kumrudia kwa njia ya pembejeo, miche bora na utafiti kama ule unaofanyika katika kituo cha Naliendele, Mtwara. Mikorosho isipopulizwa salfa wakati wa kuchanua hushambuliwa na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, na ua lililoungua halisubiri Hazina ifungue mfumo wa malipo.

Muswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza ushuru wote uende Mfuko Mkuu, na zao la korosho lihudumiwe kupitia bajeti ya kawaida ya wizara kama mazao mengine. Hoja ya Serikali haikuwa ya kipuuzi: mapato ya umma yakusanywe kapu moja na yagawanywe kwa vipaumbele vya nchi nzima, na tayari kulikuwa na malalamiko kuhusu jinsi fedha za mfuko wa korosho zilivyotumika. Wabunge wa Kusini, wa chama tawala na wa upinzani pamoja, walisimama mmoja baada ya mwingine kupinga. Walikumbusha kwamba kulikuwa na malimbikizo ya zaidi ya shilingi bilioni 200 ambayo, kwa sheria iliyokuwapo, yalipaswa kuwa yamekwisha kupelekwa kwenye zao hilo. Hata uenyekiti wa Kamati ya Bajeti ulikuwa mikononi mwa mbunge wa Mtwara Vijijini, Hawa Ghasia. Kama kuna wakati ambapo jimbo la wakulima lilikuwa na watu mahali panapostahili, basi ulikuwa huo, na bado muswada ulipita.

Msimu uliofuata unajulikana. Bei za mnadani ziliposhuka, wakulima waligoma kuuza. Mawaziri wa Kilimo na wa Viwanda waliondolewa mwezi Novemba, na Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na Jeshi la Wananchi litaisomba. Siwezi kusema kwamba kifungu kile cha Juni ndicho kilicholeta yote hayo, kwa sababu bei ya dunia ilikuwa imeshuka na hali ya hewa nayo ina sehemu yake katika mavuno. Ninachoweza kusema ni kwamba ndani ya miezi sita zao lililokuwa na mfuko wake uliolindwa na sheria, pamoja na mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kukusanya mazao ghalani na kuyauza mnadani, ambao lilikuwa limeuzoea kwa takriban muongo mmoja, lilijikuta likitegemea tamko, na mbunge aliyetaka kujua salfa ya mwaka unaofuata itatoka wapi hakuwa tena na kifungu cha kumwonyesha waziri.

Sukari nayo ilipitia mlango huohuo mwaka 2024. Mvua nyingi za El Niño zilikuwa zimevuruga uvunaji wa miwa, bei ikapanda, na vibali vya kuagiza sukari kutoka nje vikazua mzozo mkali. Luhaga Mpina, mbunge wa Kisesa wakati huo, alimtuhumu Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, kwamba alilidanganya Bunge kuhusu vibali hivyo. Akatakiwa kuleta ushahidi, akauleta, kisha akaadhibiwa kwa kuzuiwa kuhudhuria vikao 15 kwa kosa la kuutangaza kwa wanahabari kabla Spika hajautolea uamuzi. Mimi si hakimu wa tuhuma hizo. Kilichonivutia ni kwamba siku chache baadaye Bunge lilipitisha Sheria ya Fedha iliyoirekebisha Sheria ya Sukari ili Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, uliozoeleka kwa mahindi, uweze kuagiza na kuhifadhi sukari, na mbunge aliyekuwa na mengi ya kusema kuhusu sukari hakuwamo ukumbini. Marekebisho hayo yenyewe naweza kuyatetea, kwa kuwa kuwaachia wazalishaji peke yao nafasi ya kuziba upungufu wa bidhaa wanayoiuza kulikuwa na kasoro iliyo wazi. Mjadala wake, hata hivyo, ulistahili zaidi ya wiki ya mwisho ya Juni, hasa kwa ajili ya wakulima wa miwa wa nje ya mashamba ya viwanda, ambao hupokea bei ya muwa wao baada ya wakubwa kumaliza kugombana juu ya bei ya sukari.

Kisa hicho kinaonyesha jambo jingine ambalo husahaulika kwa urahisi. Kwa Katiba yetu waziri ni lazima awe mbunge. Bashe, kabla ya kuwa naibu waziri mwaka 2019 na waziri kamili Januari 2022, alikuwa mbunge wa Nzega Mjini aliyejulikana kwa kuikosoa Serikali akiwa kiti cha nyuma. Mpina alikuwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi kabla ya kurudi kwenye kiti hicho. Watu wawili kutoka maeneo ya wakulima na wafugaji walikuwa wamebadilishana upande wa meza, na kila mmoja aliitumia kanuni iliyokuwa karibu na kiti chake.

Kuhusu lugha, hali imekuwa nafuu. Kwa miaka mingi wabunge walijadili kwa Kiswahili miswada iliyoandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, mpaka mwaka 2021 ilipopitishwa sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zetu. Mwenyekiti wa AMCOS anaweza sasa kukisoma kifungu mwenyewe, ilimradi akipate mapema.

Na hapo ndipo kazi ya mbunge wa kijijini ingeweza kubadilika bila kugusa Katiba wala kuongeza shilingi moja kwenye bajeti. Kamati hualika wadau kutoa maoni kuhusu muswada kabla haujarudi bungeni, lakini tangazo hutoka zikiwa zimebaki siku chache, na wanaofika Dodoma ni wenye ofisi, wanasheria na nauli. Mbunge anaupata muswada huo kabla ya wapiga kura wake. Akiutuma usiku huohuo kwa viongozi wa ushirika wa jimbo lake, pamoja na sentensi mbili zinazoonyesha ni kifungu kipi kinagusa zao lao, watakuwa na muda wa kuandika barua kwa Katibu wa Bunge, naye mbunge atakuwa na maoni yao mkononi anapowasilisha jedwali lake la marekebisho. Mwaka huu nimemwandikia mbunge wetu kumwomba afanye hivyo, na nakala nimeipeleka kwa katibu wa chama cha msingi.