Nakuru Hadi Kitale na Wazee Wawili wa Young Farmers

Tulitoka Nakuru alfajiri, baba kiti cha mbele, shangazi nyuma amejitanda leso mbili. Tulikuwa tunaenda maonyesho ya kilimo ya ASK (Agricultural Society of Kenya) mjini Kitale. Miaka ya sabini wote wawili walipelekwa huko na klabu za Young Farmers za shule zao, kila mmoja na yake, na tangu hapo hawakuwahi kurudi pamoja. Hata Salgaa hatujafika, ubishi ukaanza.

Shangazi anashikilia kwamba klabu ya wasichana iliwashinda wavulana kwa sungura wake. Baba hataki kusikia. "Sungura ni mchezo wa watoto wa klabu za 4K huko shule za msingi. Sisi tulikuwa na ekari nzima ya mahindi."

"Ekari gani, kaka? Nusu ilikuwa magugu ya sangari!"

Timboroa kulikuwa na ukungu na baridi ya kung'ata, wakanyamaza kidogo. Burnt Forest tukasimama kwa ajili ya viazi na karoti, kwa sababu shangazi hajui kupita soko bila kushuka. Eldoret ni foleni tu, sina la kusimulia.

Ukishaipita Soy ndipo unapojua umeingia nchi ya mahindi. Mavuno yalikuwa yamewadia. Mabua yamekatwa na kusimamishwa mafungu mafungu shamba zima, yakauke kabla ya kumenywa. Baba akaniamuru nisimamishe gari. Akavuka mtaro, akainama kwenye visiki vya mabua na kuanza kupima kwa shubiri, mwenye shamba akimkodolea macho.

"Sabini na tano mstari kwa mstari, thelathini shimo kwa shimo," akarudi anatangaza. Sentimita, yaani. Mwalimu wao wa kilimo alikuwa na kamba ya katani iliyofungwa vitambaa kila sentimita 30. Wavulana wawili waliivuta huku na huku, wa tatu akachimba kwenye kila kitambaa, wa nne akatia mbolea kwa kizibo cha soda. Wa tano ndiye aliyeaminika zaidi: alifunika mbolea kwa udongo kidogo isije ikaunguza mbegu, ndipo akadondosha punje mbili. Baba alikuwa wa tano. Ametukumbusha hilo maisha yetu yote.

Miche ilipofika magotini, walipita wakitia punje za dawa ya funza wa mabua katikati ya majani machanga, kwa vidole vitupu. Glavu ndiyo kitu gani? Kisha wakanawa na kwenda kula ugali. Hapo shangazi alikubaliana naye, mara ya kwanza siku hiyo. Nao walifanya vivyo hivyo.

Mbegu yenyewe ilikuwa chotara ya hapo hapo Kitale. Watafiti walipandanisha mahindi ya kwao na mahindi ya milimani kutoka Ecuador, na mwaka 1964 ikatoka H611. Baba husimulia habari hiyo kana kwamba alikuwepo. Alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza.

Tulipita Matunda na Moi's Bridge, ambayo yeye bado anaiita Hoey's Bridge. Karibu na Kitale tukakata kona kuelekea shuleni kwake. Palipokuwa na ile ekari pamejengwa bweni la ghorofa. Alilitazama, akasema watoto nao lazima walale mahali, tukageuza gari.

Kwenye maonyesho alikwenda moja kwa moja kwenye meza za shule. Aliokota hindi moja baada ya jingine, akikagua kama mistari ya punje imenyooka na kama ncha imejaa, maana ndivyo waamuzi walivyowafundisha. Wanafunzi wakadhani ni mwamuzi, wakasimama wima. Hakuwasahihisha.

Shangazi alipotelea banda la pili. Tulimkuta na msichana mwenye sare ya kijani, mbele yao vizimba vya sungura na safu ya chupa za plastiki. Ulikuwa mkojo wa sungura. Wanaukinga chini ya vizimba na kuwauzia wakulima, wauchanganye na maji wanyunyizie mboga, uwe mbolea na ufukuze wadudu.

"Mchezo wa watoto, eh?" shangazi akauliza.

Baba alifungua chupa, akanusa, akakunja uso. Akauliza mchanganyo wa sukuma wiki ni kiasi gani, msichana akamweleza polepole, naye akaandika kiganjani. Kisha akaanza kuomba bei ipunguzwe. Haikupunguzwa. Akanunua mbili.