Makaburi ya Tongoni

Konda alitangaza "Tongoni!" mara moja tu, na katika gari zima la Pangani ni mimi peke yangu niliyeteremka. Ilikuwa kabla ya saa nne asubuhi, kilomita kama 20 kusini ya Tanga mjini. Nikashika njia ya mchanga inayoelekea baharini, minazi huku na huku, hadi nikaziona kuta za kijivu chini ya kivuli cha miti.

Tongo ni mahali palipokuwa na watu, kisha wakahama. Kwa hiyo jina la kijiji limeshakueleza habari kabla hujafika. Mji uliokuwa hapa ukiitwa Mtangata, na jina hilo leo limebaki kwa ghuba iliyo mbele yake. Nyumba zake zimekwenda na maji. Kilichosalia ni gofu la msikiti na makaburi yapatayo 40, mengi yakiwa ya karne ya 14 na ya 15. Nimefika Kaole, nimefika Kunduchi, lakini sijaona kwingine makaburi ya kale yaliyosongamana hivi. Inaniuma kwamba watu wa Tanga tunapita barabarani kila siku bila hata kugeuza shingo.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia mtu mzima aliyekuwa akifagia karibu na msikiti.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Vua viatu ukiingia msikitini. Paa halipo, lakini msikiti upo."

Tulipofika penye makaburi alisimama kwanza, akawasalimu waliolala: "Assalamu alaykum, enyi watu wa makaburini." Nikasema kama alivyosema, ndipo tukaingia.

Makaburi ya wakubwa yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, yakazungushiwa ukuta mfupi, na upande mmoja ikasimamishwa nguzo ndefu. Nguzo nyingi zimeanguka. Zimelala vipandevipande kwenye majani, nyingine zimekatika kiunoni. Nilichuchumaa mbele ya kipande kimoja chenye shimo la mviringo, nikaingiza vidole. Kingo zake bado laini, na ndani chokaa imeacha alama ya kitako cha bakuli. Hapo palipachikwa kauri kutoka China, ing'ae mtu akitokea baharini. Bakuli lilibanduliwa zamani. Sasa nyigu amejenga humo kiota chake cha udongo.

Mtu wa kupamba kaburi kwa vyombo vilivyovuka bahari nzima hakuwa mtu mdogo. Lakini hapakuandikwa jina lake. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipopita mwaka 1857 alikuta hapa kigae cha kung'aa chenye maneno ya Kiajemi. Nacho hakipo tena.

Mtangata ilikuwa hai Wareno walipotokea mara ya kwanza. Mwezi Aprili 1498 jahazi moja la msafara wa Vasco da Gama liitwalo São Rafael lilikwama kwenye miamba ya pwani hii, na maji yalipojaa likaelea tena. Wenyeji wakawaendea kwa vyombo vyao wakiwa na machungwa, na mwandishi wa msafara akakiri kuwa ni matamu kuliko ya Ureno. Wareno walirudi Januari 1499 wakitoka India, mabaharia wengi wameshakufa kwa kiseyeye, waliobaki hawatoshi kuendesha majahazi matatu. Wakalichoma São Rafael hapahapa, huku watu wa mji wakiwauzia kuku. Shuleni tulimsoma da Gama mpaka tukamkariri. Waliompelekea machungwa hatukuwasoma, nao wamelala hapa, hatua chache kutoka ufukweni.

Hizo hatua nazo zinapungua. Mzee alinipeleka ukingoni akanionyesha mizizi ya miti iliyobaki ikining'inia, udongo wake umechukuliwa na bahari. Mikoko ikipungua, mawimbi hayana wa kuyazuia. Alinyoosha fimbo kuelekea majini: "Nilipokuwa kijana tulitembea mpaka kule."

Tuliporudi niliona kwenye kona ya kaburi moja kifuu cha nazi chenye majivu na punje chache za ubani. Majivu hayajapeperuka, hayakuwa ya zamani.

"Nani kaja hapa?"

"Mvuvi mmoja. Alikuja Alhamisi."

"Anamjua aliyezikwa humu?"

"Hamjui. Na mimi simjui, wala baba yangu hakumjua." Mzee aliinama, akaanza kuokota majani makavu yaliyoangukia juu ya ukuta wa kaburi. "Lakini hawezi kwenda kuvua mbali bila kupita kwake kwanza."

Niliweka mkoba chini, nikaanza kuokota upande wa pili.